Sahani Ikiisha, Inua Sindano

Jumamosi moja ya kiangazi, katikati ya miaka ya hamsini, watu watatu walitoka Chumbageni, mjini Tanga, kwa miguu kwenda madukani kutafuta kinanda cha santuri. Mbele alitangulia Msafiri, karani wa mizigo pale stesheni ya reli, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Nyuma yake walifuata wanawake wawili wa buibui: mkewe, Mwanasiti, na dada mkubwa wa huyo mkewe, Mwatumu. Mwatumu ndiye mama yangu mzazi. Yote nitakayoyasema nimeyapata kinywani mwake, na hakuwa mtu wa kupenda kuyasimulia. Aliyasimulia mara chache, mchana kweupe, na kila mara alifunga kwanza mlango wa ua.

Walikuwa wakienda kununua kitu cha kufurahisha moyo, lakini hakuna aliyekuwa na furaha. Sabiha, mtoto pekee wa nyumba ile, alikuwa amefariki masika yaliyopita kwa surua, ndiyo kwanza ameanza kwenda chuoni kusoma alifu na bee. Tangu siku hiyo Mwanasiti alikuwa kama mtu aliyeweka maneno yake mahali akasahau alipoyaweka. Aliswali, alipika, alifagia ua. Ukimwuliza jambo alijibu kwa kichwa. Majirani waliendelea kumwita mama Sabiha kwa mazoea, kisha wakakumbuka, wakauma midomo.

Msafiri alikuwa mtu wa muziki. Hakupiga chombo chochote, lakini sikio lake lilikuwa la ajabu. Kwenye harusi alisimama karibu na wapigaji, macho kayafumba, na aliweza kukwambia kwamba udi wa leo umebadilishwa uzi mmoja. Alihisi kwamba kimya ndicho kinachomla mkewe.

"Nyumba hii inataka sauti, shemeji," alimwambia mama. "Sauti nzuri hasa. Si makelele."

Alikwenda kumwuliza Mzee Uweso, mwalimu wa chuo pale mtaani, kama si vibaya kutia nyimbo katika nyumba iliyofiwa. Mzee Uweso alifikiri, akasema msiba una mpaka wake, na mke aliye hai naye ana haki yake. Basi Msafiri akatoka na ruhusa ile kama mtu aliyepewa dawa.

Dukani kwa Mhindi mmoja walivikuta vinanda vitatu. Msafiri alikuwa amebeba sahani yake mwenyewe ya santuri, kaifunga ndani ya kanga, kwa sababu alisema kinanda hupimwa kwa wimbo unaoujua. Ulikuwa wimbo wa mwanamke mmoja wa Unguja, wa udi na fidla, wa taratibu. Kinanda cha kwanza kilikuwa na pembe kubwa ya shaba. Kilipiga kwa nguvu, watu barabarani wakageuka, lakini mwimbaji alisikika kama anayeimba ndani ya mtungi. Cha pili kilikuwa kisanduku cha kubeba mkononi, kizuri kutazama, ila ngoma ya dumbaki haikusikika kabisa, ilikuwa kama mtu anagonga meza nyumba ya jirani. Cha tatu kilikuwa kizuri kweli. Lakini hicho kilitaka umeme, na nyumba yao ilikuwa ya taa ya kandili.

Mwanasiti alisimama muda wote akitazama sakafu.

Yule Mhindi alikuwa mtu muungwana. Alipoona Msafiri anaifunga sahani yake kwa unyonge, alisema, "Mwenye sikio kama lako, bwana, aende Tongoni. Yuko Bi Shariffa, mjane wa Bwana Harub. Anauza vyombo, anataka kuhamia kwa jamaa zake Unguja. Mumewe aliagiza kinanda cha ufunguo, kisichotaka umeme, kutoka Ulaya, kikubwa, kama kabati. Sijapata kusikia kingine kama kile." Kisha akaongeza, kama anayejisemea, "Sijui kwa nini hakijanunuliwa mpaka leo. Watu huenda, na hurudi mikono mitupu."

Kesho yake walipanda basi la Pangani, wakashuka Tongoni. Nyumba ya Bi Shariffa ilikuwa ya mawe, imezungukwa na minazi, chokaa imeanza kubanduka. Bibi mwenyewe, Mwarabu mwembamba aliyekwisha kuwa mkongwe, aliwapokea barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Aliwapa kahawa na halua, akawauliza habari za mjini. Kando yake palikuwa na gudulia la maji. Kila baada ya maneno machache alimimina, akanywa, akaendelea kuzungumza. Mama alidhani ni joto. Lakini alipotazama midomo ya yule bibi, aliona imepasuka kama ya mtu aliyetoka katika funga ndefu, na maji yanamtiririka kidevuni.

"Kinanda kiko chumba cha ndani," alisema Bi Shariffa. "Ingieni wenyewe. Mimi nitabaki hapa."

Kilikuwa cha mbao nyeusi, kimo cha kifua cha mtu mzima. Juu kilikuwa na kifuniko, na ndani yake sahani huwekwa. Mbele kilikuwa na vilango viwili vidogo, ambamo sauti hutokea. Vilango vile vilikuwa vimefungwa kwa vitambaa vitatu vilivyosokotwa pamoja: cheupe, chekundu na cheusi. Mama alisema mtu yeyote wa pwani akiona rangi hizo tatu pamoja anajua kwamba si mapambo, ni rangi za uganga. Lakini Msafiri alikuwa ameshapiga magoti anafungua fundo, na kwa haraka aliyokuwa nayo hakuona kitu ila vilango.

Alitia ufunguo, akaweka sahani yake, akashusha sindano.

Alikaa chini, mle mle kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe. Alisikia vidole vya mpiga udi vikiteleza juu ya nyuzi. Alisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Wimbo ule alikuwa nao miaka mingi na hakuwahi kujua kwamba pale yule mwanamke anavuta pumzi. Machozi yalimtoka.

Mwanasiti akasogea. Akaweka kiganja chake juu ya kilango kimoja, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Hiki," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza kumtoka kwa miezi. Msafiri alimtazama mama, mama akamtazama Msafiri, na hakuna aliyethubutu kusema kitu wasije wakalifukuza.

Kutoka barazani sauti ya Bi Shariffa iliuliza, "Nyumbani kwenu mna mtoto?"

"Hatuna, bibi," alijibu Msafiri. "Tulikuwa naye."

Maji yakamiminwa.

"Basi kiacheni. Siuzi."

Msafiri alitoka nje, akachuchumaa mbele yake. "Bibi, yule ni mke wangu. Hajasema neno tangu tuzike. Leo amesema. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Bi Shariffa alichungulia ndani. Mwanasiti alikuwa bado ameweka kiganja pale pale, ingawa wimbo umekwisha, na sikio lake limeelekea kwenye kilango. Yule bibi alimtazama kwa muda, kisha uso wake ukalegea kama wa mtu aliyechoka kubishana.

"Amekwisha kusikia," alisema, na hakuna aliyemwelewa. "Kichukueni. Lakini nisikilizeni. Sahani ikiisha, inua sindano papo hapo. Usiiache ikakwaruza pasipo na wimbo. Hata kidogo, mwanangu. Hata kama umechoka, hata kama uko mbali. Inua."

Kinanda kilisafirishwa hadi Chumbageni, na wiki zilizofuata zilikuwa njema, na mama alitaka zikumbukwe. Jioni watu wa mtaa walikuja kukaa barazani kwa Msafiri kusikiliza. Mwanasiti alianza kujibu salamu. Alianza kuchagua nyimbo. Siku moja alicheka, kwa sababu jirani mmoja aliitikia mwimbaji kwa sauti ya puani, na Msafiri aliingia ndani akajifanya anatafuta kiberiti ili asionekane analia. Kila sahani ilipokwisha, aliinua sindano mwenyewe. Hakusahau hata mara moja.

Lakini mchana yeye yuko stesheni.

Alasiri moja ya joto kali, mtaa mzima umejinyoosha, mama alikwenda kumwona mdogo wake. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani hapakuwa na wimbo. Palikuwa na sauti ya sindano tu, inazunguka mwisho wa sahani, inakwaruza, khaa, khaa, khaa. Mwanasiti alikuwa amekaa chini, amefungua vilango vyote viwili, kichwa chake kimeingia ndani mpaka mabegani.

Mama aliinua sindano.

Mwanasiti alitoa kichwa taratibu. Hakukasirika. "Dada, umemkatiza," alisema kwa kunong'ona.

"Nimemkatiza nani?"

"Alikuwa anavuta pumzi aseme."

Mama alimwinua, akamwosha uso, akamlaza. Alijiambia ni majonzi. Lakini siku ya pili alirudi saa ile ile, akakaa chini kando ya mdogo wake, akaiacha sahani iishe. Hakuinua sindano. Alitaka kumwonyesha kwamba hakuna kitu.

Khaa. Khaa. Khaa.

Kisha, chini ya ile sauti ya sindano, kukawa na nyingine. Pumzi. Fupi fupi. Kila mwisho wa pumzi, kifirimbi kidogo kifuani.

Mama alikuwa amemwuguza Sabiha. Aliijua pumzi ile. Hakuna mtoto mwingine aliyepumua hivyo.

"Mama," ilisema santuri. "Maji."

Nieleze hapa, maana bila hili hayafahamiki. Sabiha alipougua, wanawake wakubwa wa mtaani walisema mtoto wa surua hapewi maji baridi, surua itarudi ndani imuue. Ndivyo ilivyoaminiwa, na kila nyumba ilifanya hivyo. Usiku wa mwisho mtoto aliomba maji mpaka sauti ikakauka, na Mwanasiti alikaa kando yake, mtungi umejaa mlangoni, akamwambia subiri mwanangu, kesho. Alfajiri Sabiha akafariki. Alikuwa ameacha kuomba saa moja kabla.

Basi Mwanasiti aliiweka sahani tena. Wimbo ulipokwisha, alitia maji katika kikombe cha bati, akakiweka ndani ya vilango, gizani. Sindano ilikwaruza. Pumzi ilikuja, ikatulia. Springi ilipolegea na sahani kusimama, alikitoa kikombe akampa mama akishike.

Hakikuwa na maji. Wala hakikuwa na unyevu. Kilikuwa cha moto, kama kimeanikwa juani.

"Anakunywa, dada," alisema Mwanasiti. Alikuwa anatabasamu, na mama alisema hakupata kuona uso mzuri kama ule, wala wa kutisha kama ule.

Kikombe kikawa bakuli. Bakuli likawa ndoo. Mwanasiti alishinda kisimani. Naye mwenyewe aliacha kunywa. Mama alipomsihi, alijibu kwa upole, "Nitakunywaje, na mwenyewe hajashiba?" Midomo yake ilipasuka. Macho yaliingia ndani. Ngozi ya mkono wake, ukiifinya, ilibaki imesimama.

Mama akamwambia Msafiri kila kitu. Msafiri hakubisha. Jioni ile alikaa mbele ya kinanda, akaiacha sindano ikwaruze, akasikiliza. Mwanasiti kando yake akinong'ona, "Huyo. Huyo. Umemsikia?" Msafiri aliingiza kichwa ndani. Alikaa hivyo mpaka springi ikaisha. Akatia ufunguo tena. Ikaisha tena.

Kisha akatoka ukumbini. "Shemeji," alimwambia mama, "mimi nasikia kucha za mpiga udi. Mwanangu simsikii."

Siku ya pili alikifunga kinanda kwa kufuli. Mkewe hakupiga kelele. Alisema tu, "Ukimfungia, anakufa mara ya pili. Na safari hii ni wewe." Msafiri akalifungua kufuli kwa mkono wake, kisha akapanda basi kwenda Tongoni.

Bi Shariffa alikuwa hajahama. Alimkuta pale pale barazani, gudulia kando.

"Nilikuwa na binti, Fakhria," alisema bila kungoja kuulizwa. "Alifariki hajaolewa. Baba yake hakuweza kuvumilia. Akaenda huko upande wa Moa, akaleta mganga. Yule mtu alijifungia chumbani na kinanda, akafanya aliyoyafanya. Alipotoka akamwambia mume wangu: utamsikia. Akamsikia. Na mimi nikamsikia. Naye aliomba maji."

"Na Bwana Harub?"

"Alikauka, mwanangu. Alikufa na mtungi umejaa ubavuni pake. Mimi nikafunga vilango kwa vile vitambaa. Sikufanya zaidi. Mpaka leo nakunywa na sishibi."

Msafiri aliuliza, "Ni watoto wetu kweli wanaoita?"

Yule bibi alijipangusa kidevu. "Sijui. Labda ni wao. Labda ni kitu kinachojua sauti zao. Nimelala na swali hilo miaka yote, na ningekuwa najua jibu ningekwambia."

"Nikikivunja?"

"Ukikivunja sauti ingali imo, itamhamia anayeisikia. Yule mganga alisema mwisho wake ni mmoja. Aliyeanza kujibu aache kujibu. Asikilize mpaka springi iishe yenyewe, asitoe neno, asitoe tone. Baada ya hapo ni kabati tu." Akanywa. "Mimi nilishindwa. Nilijaribu, nikashindwa. Alikuwa ananiita kwa jina nililompa la utotoni."

"Kwa nini ukatuuzia, bibi?"

"Kwa sababu mkeo alikwisha kusikia. Aliyesikia, ukimnyima kinanda, atakirudia kwa miguu."

Msafiri alirudi akamweleza mkewe mbele ya mama. Mwanasiti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mnataka nimnyime tena," alisema.

"Ndiyo," alisema Msafiri. "Tena."

Aligeuza uso ukutani. Msafiri hakumlazimisha. Alichofanya ni hiki: alichukua kikombe chake cha maji, akakifunika, akasema, "Usipokunywa wewe, na mimi sinywi." Na hakunywa. Alikwenda kazini katika jua lile, akapanga mizigo, akarudi, hakunywa. Mama alikuja akawakuta wawili wale wamekaa ukumbini, midomo imewakauka, wanatazamana. Mwanasiti alinyoosha mkono akagusa mdomo wa mumewe mahali ulipopasuka, akatazama damu kwenye kidole chake.

"Mwite Mzee Uweso," alisema.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Walifunga madirisha. Mzee Uweso alikaa karibu na mlango na kuanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Mwanasiti aliketi mbele ya kinanda, mama kulia kwake. Mtungi ulikuwa nyuma yao. Msafiri alitia ufunguo mpaka ukagoma, akaweka sahani.

Wimbo ulianza, ukaisha.

Khaa. Khaa.

Pumzi ikaja.

"Mama. Maji."

Mwanasiti hakujibu. Alikuwa ameushika mkono wa mama, na kucha zake zilikuwa zinaingia.

"Mama. Maji. Kidogo tu."

Springi ile iliweza kuzungusha upande mmoja wa sahani na ziada kidogo. Alasiri ile haikuisha. Mzee Uweso alimaliza Yasini, akaanza upya. Sahani inazunguka. Jua likahama kwenye nyufa za dirisha. Sahani inazunguka.

"Mama. Nimekukosea nini?"

Mzee Uweso alipotea katika aya. Sura aliyoijua tangu utotoni. Alirudi nyuma, akaanza tena.

Kisha, kwa upole, "Mama mkubwa. Basi nipe wewe."

Sabiha ndivyo alivyomwita mama yangu. Mama alisema hakukata shauri kufanya lolote. Aliuona tu mkono wake umekwisha kufika kwenye kata, kata imekwisha kuingia mtungini. Aliyemzuia ni Mwanasiti. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaulaza juu ya mapaja yake, akaukandamiza. Hakusema neno. Machozi hayakumtoka, mwili wake haukuwa na maji ya kulia.

Sauti iliomba. Iliomba. Kisha sahani ikaanza kupunguza mwendo. Sauti ikazama, ikawa nzito, nzito zaidi, si ya mtoto tena, wala ya mwanamke, sauti iliyotoka mbali chini. Mzee Uweso aliziba masikio.

Ikakoma.

Sindano ikasogea mara ya mwisho, na pale, wazi, karibu, ndogo, ikasema:

"Haya, mama."

Hivyo ndivyo Sabiha alivyosema kila alipotumwa, au alipokatazwa jambo akatii.

Sahani ikasimama.

Msafiri alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Nimemsikia," alisema. Aligeukia mkewe, kisha mama, kisha Mzee Uweso. "Huyo nimemsikia." Hakumsikia tena maisha yake yote.

Walikitoa kinanda uani, Msafiri akakipasua kwa shoka. Wote walitazamia maji yatoke, maana ndoo zilizoingia mle zingeweza kujaza birika la msikitini. Hayakutoka. Ndani mlikuwa na vumbi, na mdudu nondo mmoja, mkavu. Mbao zilishika moto mara moja kama makuti ya zamani, zikaisha kabla ya magharibi. Mwanasiti alikaa mlangoni akitazama. Mumewe alimletea maji, akanywa, akampa naye akanywa.

Mama yangu mdogo, Mwanasiti, aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mimi nimemjua: mwanamke mpole, mwenye maneno machache, ambaye hakupata mtoto mwingine. Nyumba yao haikuingia kinanda tena, wala redio, na Msafiri aliacha kwenda kusimama karibu na wapigaji kwenye harusi. Ukimtazama mama mdogo akiwa peke yake, ungeona anajiuliza jambo. Sote tulijua ni lipi. Kama kile kilichoomba kilikuwa kitu kingine, basi alijiokoa na kumwokoa mumewe. Kama hakikuwa kitu kingine, basi alimnyima mara mbili.

Asubuhi iliyofuata kuchomwa kwa kinanda, Jumamosi, Msafiri na Mzee Uweso walikwenda makaburini kumsomea mtoto dua. Walikawia. Walipoagana njiani, Mzee Uweso alipita bila kuingia, akiinamisha kichwa. Msafiri akaingia. Wanawake wawili walikuwa uani wanachambua mchele.

"Kaburi lake li vipi?" aliuliza Mwanasiti.

"Liko salama," alisema Msafiri. "Kavu. Kama makaburi yote."

Mwanasiti alishusha macho, na mama akayafuata macho yake. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu vuli. Tanga nzima ilikuwa vumbi, majani ya barabarani yamegeuka rangi ya kutu. Miguu ya Msafiri ilikuwa na tope jeusi, bichi, mpaka juu ya vifundo, na katika tope lile yamenasa majani mapya, membamba, ya kijani, yaliyochipua karibuni.

Mwanasiti aliweka chini ungo wa mchele. Alileta besheni na maji, akapiga magoti, akaosha miguu ya mumewe, taratibu, mguu mmoja kisha wa pili, hadi katikati ya vidole. Maji yaligeuka meusi. Hakuyamwaga. Aliisogeza besheni chini ya dirisha la chumba alichokuwa akilala Sabiha, akaiacha hapo.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa wa kwanza kutoka uani. Besheni ilikuwa kavu. Tope lilikuwa limebaki chini, limepasuka vipande vipande, kama limekaa juani mwaka mzima.